Baada ya ugonjwa kupita kizimbani: namna ya kurudisha sato bila kurudisha vifo

Mfugaji aliyepoteza nusu ya sato wake ndani ya wiki mbili huwa na haraka moja: kuweka vifaranga vingine kabla marejesho ya mkopo hayajafika. Haraka hiyo inaeleweka, lakini ndiyo inayozaa mlipuko wa pili, na wa pili huuma zaidi kwa sababu mtaji umeshapungua. Kizimba kitupu, yaani wavu wa kufugia samaki unaoning'inia ziwani, huonekana kisafi. Kumbe nyavu zake, tope lililo chini yake, samaki wachache walionusurika na furu, wale samaki wadogo wa porini wanaozunguka nje, bado wamebeba kilichoua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Bakteria wengi wanaoua sato huishi ziwani mwaka mzima, na samaki mwenye nguvu hukaa nao bila shida. Ugonjwa hulipuka pale samaki alipodhoofika: amebanwa, amechubuliwa wakati wa kupangwa kwa ukubwa, amekosa hewa usiku, au amelishwa chakula chenye ukungu. Ukiua vijidudu vyote ukaacha kilichomdhoofisha samaki, vitakuja vingine. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mfugaji wa Ilemela, Magu, Sengerema au Ukerewe si "dawa gani?" Aulize nini hasa kiliua, na nini kilikifungulia njia.

Ni ugonjwa, au ni hewa?

Vifo vingi vizimbani huitwa ugonjwa hata pale ambapo hakuna kijidudu kilichohusika. Upungufu wa oksijeni unaweza kufagia kizimba kizima, na hakuna dawa ya bakteria itakayousaidia.

Ziwa Victoria lipo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, maji ya nyuzi joto 26 yaliyoshiba oksijeni hubeba kama miligramu 7 kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi ya pwani yenye joto hilohilo hubeba 8. Kwa hiyo mfugaji wa Mwanza huanza siku akiwa na akiba ndogo. Sato anataka angalau miligramu 4 hadi 5 ili ale na kukua vizuri. Zikishuka chini ya 3 hamu ya kula hupotea, na karibu na 1 huvumilia kwa muda mfupi tu.

Akiba hiyo huisha kwa njia kadhaa. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili maji ya ziwa hujipanga kwa matabaka: ya juu yana joto, ya chini yamepoa na yana oksijeni kidogo sana. Upepo mkali ukivuma, yale ya chini husukumwa juu hadi yafike vizimbani. Katika maeneo yenye kina kifupi, kama sehemu kubwa ya Ghuba ya Mwanza, mwani unaoyapa maji rangi ya kijani huzalisha oksijeni mchana, kisha huivuta usiku kucha. Magugu maji yakisukumwa na upepo yakakizingira kizimba, hukata mwanga na mzunguko wa maji kwa pamoja.

Tofauti huonekana kwenye namna vifo vinavyokuja. Hewa ikikatika, samaki hufa ndani ya saa chache, mara nyingi alfajiri, na wakubwa hutangulia. Utawakuta midomo wazi na vifuniko vya matamvua vimefunuka. Samaki wa porini nje ya kizimba nao huelea, na jirani yako ana msiba huohuo asubuhi ileile. Ugonjwa wa bakteria hutambaa: leo watano, kesho tisa, keshokutwa kumi na tano, huku chakula kikianza kubaki juu ya maji.

Mtoe mmoja anayeelekea kufa, akiwa bado anapumua, umtazame vizuri. Jicho lililotokeza nje au lenye utando mweupe kama maziwa, kwa samaki wa gramu 100 kwenda juu anayeogelea kwa kuzunguka kama aliyepoteza mwelekeo, huelekeza kwenye streptokokasi, bakteria anayeshambulia ubongo na kushamiri maji yakipata joto. Inua kifuniko cha matamvua: yakiwa na mabaka meupe au ya njano yaliyooza, na mgongoni kuna doa lililopauka lenye umbo la tandiko, fikiria kolumnarisi, ugonjwa unaowapata zaidi vifaranga siku chache baada ya kusafirishwa. Vidonda vyekundu, damu chini ya magamba na tumbo lililojaa maji ni kawaida ya aeromonasi, bakteria ambaye karibu kila mara hufuata nyuma ya tatizo jingine. Vifaranga wakiwa weusi, ngozi imemomonyoka, nao wanakufa kwa wingi ndani ya mwezi mmoja tangu wawekwe, uwezekano wa virusi vinavyojulikana kwa kifupi TiLV usiupuuze. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwamba wamevikuta kwa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Hakuna dawa ya kuvitibu.

Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu dalili hizi huingiliana. Peleka sampuli maabara. Wanaofaa ni samaki watano hadi kumi wanaokaribia kufa. Aliyeokotwa akielea tangu usiku ameshavamiwa na bakteria wa uozo, na majibu yake yatakupotosha. Weka kila mmoja kwenye mfuko wake, pakia kwenye barafu bila kugandisha, wafike ndani ya saa 24. Anza na afisa uvuvi wa halmashauri yako, ambaye atakuelekeza kama waende kituo cha Mwanza cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, au maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ambatisha joto la maji, oksijeni uliyopima saa kumi na moja alfajiri, idadi ya vifo kwa kila siku, na tarehe ya mwisho uliyowashika au kuwahamisha samaki. Maelezo hayo humsaidia mtaalamu sawa na samaki wenyewe.

Waliokufa na waliobaki

Mizoga itolewe asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Samaki anayeoza kizimbani humwaga vijidudu mdomoni mwa wenzake, maana sato hudonoa mzoga. Usitupe ziwani: mnandi na fisi maji watausambaza kwa majirani, na mkondo utakurudishia sehemu yake. Chimba shimo la kina cha mita moja na zaidi, mbali na njia ya maji ya mvua na nje ya mita 60 kutoka ukingoni, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalilinda. Panga mizoga, nyunyiza chokaa, fukia. Vaa glavu, kwa sababu miiba ya pezi la mgongoni huchoma, na kuna aina za streptokokasi zinazoingia kwa binadamu kupitia jeraha. Samaki aliyekufa kwa ugonjwa asifike sokoni kwa bei yoyote ile. Anayemnunua ni mama anayekwenda kumpikia mwanawe.

Walionusurika ndio mtihani. Moyo unataka kuwaweka pamoja na vifaranga wapya ili kizimba kijae, ilhali wao ni wabebaji: wamepona kwa nje, lakini wengine wanaendelea kutoa vijidudu majini. Waache peke yao, kwenye kizimba kilicho upande mkondo unakoelekea, walishwe mwisho, na nyavu zao za mkono zisitumike kwingine. Wakifikia uzito wa kuuzwa, wavunwe wote kwa pamoja.

Kuhusu antibayotiki zinazochanganywa kwenye chakula, elewa kwanza udhaifu wake: samaki mgonjwa hali. Dawa huishia kwa wazima, na inayobaki huyeyuka ziwani. Hufaa mapema, pale wengi bado wanakula na maabara imeonyesha bakteria huyo anaisikia dawa hiyo, chini ya daktari wa mifugo, kwa siku zote zilizoandikwa. Baada ya hapo hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama lebo inavyosema. Kwa virusi na kwa upungufu wa hewa, ni fedha iliyotupwa.

Vimelea vya nje na kolumnarisi changa huweza kupunguzwa kwa kuwaogesha samaki. Kilo moja ya chumvi kwenye lita 100 za maji ya ziwa, pampu ya hewa ikifanya kazi, dakika kumi, makundi madogo madogo, asubuhi na mapema. Simama hapohapo ukiwatazama. Wakianza kulala ubavu, watoe mara moja hata kama dakika hazijafika. Chumvi haimfikii bakteria aliyeingia kwenye ubongo au figo, na kumshika samaki aliyekwisha kuelemewa kunaweza kummalizia. Ndiyo maana bafu ni la wanaokula na kuogelea bado.

Nyavu, vyombo na bwawa la kulelea

Wavu uliokaa majini miezi miwili huwa mzito kwa utelezi, mwani na konokono wadogo, na matundu yake yameziba nusu. Huo ni ugonjwa wa kizimba kabla ya ugonjwa wa samaki, kwa kuwa maji mapya hayaingii na kinyesi hakitoki. Utoe wote nje, uanike siku moja, uupige na kuusafisha kwa brashi na maji ya kasi mbali na vizimba vingine, kisha uuanike tena kwenye jua kali kwa siku tano hadi saba huku ukiugeuza. Jua na ukavu hufanya kazi kubwa kuliko wafugaji wengi wanavyodhani. Klorini kali kwenye nyavu za nailoni iepukwe, maana inazidhoofisha, na wavu uliochakaa utakuja kupasuka siku ya dhoruba.

Klorini ifanye kazi kwenye ndoo, matangi, nyavu za mkono, mabuti na mizani. Gramu 30 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 kwenye lita 100 za maji hutoa takribani miligramu 200 za klorini kwa lita. Ukiwa na ile ya maji ya asilimia 3.5, weka mililita 600 kwa lita hizo 100. Loweka saa moja, suuza, anika. Kosa linaloharibu kazi hii ni kuloweka kifaa chenye tope: uchafu huinywa klorini yote, na vijidudu vilivyo chini yake hubaki salama. Sabuni na brashi kwanza. Maji yaliyotumika yasimwagwe ziwani. Yaache juani siku mbili kwenye chombo kilicho wazi, kisha uyamwage nchi kavu.

Wenye mabwawa ya kulelea vifaranga nchi kavu wana nafasi ambayo mwenye kizimba hana, ya kuanza upya kabisa. Toa maji yote, ondoa tope jeusi, acha sakafu ikauke hadi ipasuke nyufa zinazoingiza kidole. Juni hadi Septemba hilo huchukua wiki moja au mbili, wakati wa masika unaweza usifanikiwe kabisa. Kisha tandaza chokaa hai au ile iliyozimwa inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, gramu 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 20 litataka kilo 20 hadi 30. Elekeza nyingi kwenye madimbwi na sehemu zenye unyevu, kwa kuwa chokaa huua kwa kupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali), na hilo linahitaji maji. Chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa tu, hurekebisha asidi ya udongo lakini haiui vijidudu, na watu wengi wamenunua hiyo wakidhani wametakasa bwawa. Funga pua na macho unapotandaza. Jaza maji, pitisha siku kumi hadi kumi na nne, pima pH. Ikiwa juu ya 9, usiweke samaki.

Kupumzisha eneo

Kizimba hakina sakafu ya kupaka chokaa. Silaha yake ni muda na nafasi. Chakula kisicholiwa na kinyesi hurundikana chini, na rundo hilo hula oksijeni na kutunza bakteria. Kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 30 na kidogo huacha majini takribani gramu 30 za amonia, mbali na kinachozama. Zidisha kwa kilo zote ulizolisha msimu mzima, ndipo utaelewa kwa nini sehemu ileile inachoka.

Acha eneo bila samaki wa kufugwa kwa wiki sita hadi nane. Vijidudu vinavyohitaji mwili wa samaki hupungua visipompata, na tope hupata muda wa kumeng'enywa. Furu na sato wa porini wataendelea kubeba baadhi, kwa hiyo kupumzisha hupunguza mzigo bila kuumaliza. Lakini kati ya kifaranga anayekutana na vijidudu vichache na yule anayetumbukizwa kwenye wingi, tofauti ni kubwa. Kupumzisha nusu ya vizimba huku nusu nyingine ina samaki wagonjwa hatua chache pembeni hakusaidii kitu.

Tumia muda huo kupima eneo lenyewe. Shusha kamba yenye jiwe: kati ya kitako cha wavu na tope kuwe na mita mbili zisizopungua, na tatu au zaidi ni bora. Mkoani Mwanza kuna vizimba vingi vilivyofungwa karibu na ufukwe kwa ajili ya ulinzi, ambako wavu karibu unagusa chini na mkondo hauna nguvu. Huko ugonjwa utarudi kila mwaka, hata vifaranga vikitoka kwenye kituo bora kuliko vyote. Ukiweza kusogeza nanga hadi penye kina na mkondo, utakuwa umefanya zaidi ya dawa yoyote, ila eneo jipya nalo linahitaji kibali, hivyo anza mazungumzo na halmashauri mapema.

Kurudisha samaki

Kabla ya kuagiza maelfu, weka walinzi, yaani samaki wachache wa majaribio. Funga wavu mdogo ndani ya eneo lako, tia vifaranga 100 hadi 200, uwalishe kama kawaida kwa wiki tatu. Wakifa kwa dalili zilezile, umepoteza fedha kidogo na umejua. Wakibaki wanakula kwa fujo, chukua watano uwapeleke maabara, halafu endelea.

Vifaranga vitoke kituo kimoja, vyote kwa wakati mmoja, na muulize mwenye kituo kama kizazi chake kimepimwa TiLV. Anayekwepa swali, mwache. Vishinde njaa saa 24 kabla ya safari ili visichafue maji ya mifuko, visafirishwe usiku au alfajiri, na mifuko ielee kwenye maji mapya dakika 15 hadi 30 kabla ya kufunguliwa. Kisha karantini ya wiki tatu kwenye tangi au bwawa la pembeni, mbali na samaki wengine. Wiki mbili za kwanza baada ya safari ndipo kolumnarisi na TiLV hujionyesha, na ni heri vijionyeshe humo kuliko kizimbani. Kifaranga wa gramu 20 hadi 30 huingia kizimbani na nguvu zaidi ya wa gramu 5, hata kama gharama ya kumlea inauma.

Msimu wa kwanza punguza wingi. Kizimba cha mita 5 kwa 5 chenye wavu uliozama mita 2 kina mita za ujazo 50. Kwa samaki 40 kwa kila mita ya ujazo, watatosha 2,000. Najua wapo wanaoweka 100 na kuvuna, lakini wana mkondo mzuri na kina, nao hawajatoka msibani. Wakifika gramu 100, samaki 2,000 ni kilo 200, na chakula cha asilimia 3 ni kilo 6 kwa siku, kigawanywe mara tatu au nne. Asubuhi usilishe kabla jua halijapanda na oksijeni kurudi. Siku maji yanapobadilika rangi ghafla, kunuka, au samaki kuja juu kuvuta hewa, usilishe kabisa: kumeng'enya chakula hutumia oksijeni ambayo haipo. Mfuko wa chakula wenye donge au harufu ya uvundo usiingie majini, kwa sababu sumukuvu huharibu ini na kinga, na ini bovu halionekani mpaka siku samaki wanapougua.

Kagua nyavu kila wiki na uzibadilishe kila wiki tatu hadi nne, mapema zaidi maji yakiwa na mwani mwingi. Usiwapange samaki kwa ukubwa mchana wa jua kali, na usiwaguse kabisa katika wiki ya upepo mkali.

Weka daftari kwenye mtumbwi wenyewe, si nyumbani. Kila siku: vifo, kilo zilizoliwa, joto, na oksijeni ya alfajiri kama una kipimo. Katika kizimba cha samaki 2,000, kufa mmoja au wawili kwa siku katika wiki ya kwanza ni jambo la kawaida. Wakifika kumi kwa siku, au wakipanda siku tatu mfululizo hata kama bado ni wachache, acha kulisha siku hiyo, pima oksijeni kabla jua halijachomoza, fungia vyombo vya kizimba hicho kisitoke kitu, na toa sampuli wakati bado kuna samaki wanaopumua wa kupeleka.